Saa Kumi na Tano Kwenda, Kumi na Nne na Nusu Kurudi

Usiku wa tarehe 28 Oktoba 2018, ndege ya Kenya Airways ilipaa kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, kwenda New York bila kutua popote njiani. Rais Uhuru Kenyatta alifika uwanjani kuiaga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa shirika hilo kuiunganisha Kenya na Marekani kwa mruko mmoja, na ruhusa yake haikupatikana kwa siku moja: mamlaka ya anga ya Marekani ilikuwa imeikagua Kenya kwa miaka kadhaa kabla ya kuridhika, Februari 2017, kwamba usimamizi wa usalama wa anga umefikia kiwango kinachotakiwa.

Ratiba iliyotangazwa ilikuwa hivi. Kuondoka Nairobi saa 5:25 usiku, kufika New York saa 12:25 asubuhi. Kuondoka New York saa 6:25 mchana, kufika Nairobi saa 4:55 asubuhi ya siku ya pili.

Anayeitazama ratiba hiyo kwa mara ya kwanza hushangaa. Kwenda, inaonekana ni saa 7 tu. Kurudi, ni saa 22 na nusu. Hakuna kosa la uchapaji hapo, kwani kila saa imeandikwa kwa majira ya mji wenyewe. Katika miezi ya baridi, New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Ongeza 8 kwenye zile 7, unapata 15. Toa 8 kwenye zile 22 na nusu, unapata 14 na nusu.

Baada ya hesabu hiyo ndipo swali lenyewe linapojitokeza. Nairobi haikuhama, wala New York. Kwa nini basi kwenda na kurudi kusilingane? Na kwa nini ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa itumie saa 15 kumaliza safari ambayo, kwa hesabu ya shule ya msingi, ingekwisha kwa saa 13 na dakika chache?

Jibu langu nalitoa mapema, kisha nitalieleza kwa urefu. Umbali kati ya miji miwili ni jambo la jiografia. Muda wa safari ni jambo la upepo, la mwinuko wa ardhi, na la serikali zilizo chini ya njia. Anayeuliza New York iko mbali kiasi gani akaridhika na kilomita, ameondoka na nusu ya jibu. Watu wa mwambao walilijua hili karne nyingi kabla ya ndege: nahodha aliyeulizwa Maskati hadi Unguja ni siku ngapi kwa jahazi, alitaka kwanza kujua ni wakati wa kaskazi au wa kusi. Maji ni yaleyale, lakini msimu ndio uliokuwa ukiamua ni mwendo wa siku au ni kungoja miezi.

Tuanze na kilomita, kwa sababu hata hizo zina utata wake. Kati ya uwanja wa Nairobi na ule wa John F. Kennedy, New York, kuna takriban kilomita 11,840. Hicho ndicho kipimo kifupi kuliko vyote juu ya uso wa dunia. Lakini ukichukua ramani ya ukutani, ile ya mstatili inayoning'inia madarasani, na kulaza rula kati ya miji hiyo miwili, hutaipata njia hiyo. Rula itakupitisha Burkina Faso, ikutoe kwenye pwani ya Mauritania, kisha ikukatishe Atlantiki kwa mshazari. Ukiifuata njia ya rula kwa dira, bila kubadili uelekeo hata mara moja, utasafiri karibu kilomita 12,190. Umejiongezea kilomita 350 bure.

Lawama si ya rula. Ramani ya aina hiyo ilibuniwa na Gerardus Mercator mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia waliotaka mstari mnyoofu uwe na maana ya uelekeo mmoja wa dira, na kwa kazi hiyo bado ni nzuri sana. Bei yake ni kwamba inavuta na kupanua nchi kadiri unavyoiacha ikweta. Kwa umbali, tafuta tufe. Chukua uzi, ushikize Nairobi, uuvute mpaka New York ukaze vizuri. Uzi hautapita Burkina Faso. Utapanda kaskazini kwanza, juu ya Sahara, na utaingia New York ukitokea upande wa mashariki, karibu sambamba na latitudo ya mji huo. Wanajiografia huita mstari huo duara kuu, kwa sababu ukiuendeleza utaizunguka dunia nzima na kuikata katikati.

Waislamu wa Afrika Mashariki wanaoishi New York hukutana na duara hilo mara tano kwa siku. Makka iko kusini zaidi ya New York kwa karibu digrii 20 za latitudo, na mgeni angetarajia kibla kielekee kusini mashariki. Lakini misikiti mingi ya mji huo huelekea kaskazini mashariki, kwa sababu uzi uliokazwa kutoka New York hadi Makka huanza safari yake kuelekea huko. Ndege inayorudi Nairobi nayo ndivyo. Njia yake fupi inaanza kuelekea mashariki, kaskazini kidogo, ingawa nyumbani ni kusini ya ikweta.

Mstari huo tuufuate chini kwa chini, maana ukiishia kusema ndege inapita Afrika na bahari, umeiruka safari nzima. Kutoka Embakasi, uliko uwanja wa Nairobi, unapita jirani na Nakuru, ikweta unaivuka kabla ya kufika Mlima Elgon, kisha unaingia Uganda na kupita juu ya Lira na Gulu. Unaiingia Sudan Kusini karibu na Yei, ukiiacha Juba upande wa kulia. Unaambaa kwenye mpaka wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, unagusa kona ya kusini magharibi ya Darfur, halafu unaanza Chad, ambayo haiishi haraka. Baada ya Chad ni kaskazini ya Niger, kisha Algeria, ambayo nayo inachukua zaidi ya saa moja na nusu peke yake. Unaingia Moroko, unapita karibu na Marrakech, na unaiaga Afrika kwenye pwani ya Safi. Takriban nusu ya safari ya Marekani, basi, ni safari ya Afrika. Msafiri aliyelala ndege ilipokuwa ikiondoka Nairobi, akiamka baada ya saa sita, bado yuko juu ya bara lake.

Usiku juu ya Sahara, sehemu kubwa ya anga haina rada inayoiona ndege. Marubani hupashana habari na waongozaji wa anga kwa redio za masafa marefu, ambazo zina mikwaruzo na hukatika. Ndiyo maana Afrika ina utaratibu wake wa pekee: kila rubani, kabla na baada ya kupita vituo vya njiani, hutangaza kwa sauti kwenye masafa ya megahezi 126.9 jina la ndege yake, mahali alipo, kimo chake na anakoelekea. Hamwambii mtu mmoja maalumu. Anawaambia wote walio karibu, nao humsikiliza ili kujua kama njia zao zitakutana. Abiria waliolala hawajui kwamba gizani, juu ya Chad, marubani wa mashirika yanayogombea wateja wanasomeana namba kwa uangalifu mkubwa ili wote wafike. Kwangu hilo ni jambo la kuheshimiwa kuliko ukubwa wa ndege yenyewe.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba ndege inaruhusiwa kufuata uzi. Mara nyingi haiwezi. Tangu vita vilipolipuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za kawaida za abiria, na mashirika yaliyozoea kuipita yakalazimika kuizunguka. Agosti mwaka huohuo, baada ya mapinduzi, watawala wapya wa Niger walifunga anga yao kwa takriban mwezi mmoja. Niger ni kubwa kuliko Tanzania. Ukiiondoa kwenye ramani ya rubani, pamoja na Sudan, na Libya ambayo mashirika mengi huikwepa, njia kati ya Afrika ya kusini ya Sahara na upande wa kaskazini inabaki kuwa ujia mwembamba ambao kila ndege inataka kupita. Kila kona inayokatwa ni dakika, na kila dakika ni mafuta. Mwananchi wa Nairobi anaweza kudhani mapinduzi ya Niamey hayamhusu. Yanamhusu ndugu yake aliye angani.

Sasa tuje kwenye upepo, ambao ndio unaokula sehemu kubwa ya zile saa.

Kuna maelezo ambayo nimeyasikia kwa watu wengi, wakiwemo wasomi: kwamba dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo ndege inayokwenda magharibi inaukuta mji ukiifuata, na ndege inayokwenda mashariki inaukimbiza mji unaoikimbia. Kama ingekuwa hivyo, safari ya kwenda New York ingekuwa fupi mno, maana pale kwenye ikweta ardhi inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa. Ndege ingeweza kupaa tu, ikatulia angani, na kuisubiri Marekani ije. Haiwi hivyo kwa sababu hewa nayo inazunguka pamoja na ardhi, na ndege ikiwa bado chini tayari inazunguka pamoja na vyote viwili. Inapopaa haiachi kasi hiyo uwanjani.

Hata hivyo mzunguko wa dunia unahusika, ila kwa mlango mwingine. Jua huipasha moto hewa ya ikweta kuliko ya ncha za dunia. Hewa ya moto hupanda na kusafiri kuelekea kaskazini na kusini, na kwa kuwa dunia inazunguka chini yake, hewa hiyo hupindishwa kuelekea mashariki. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, pale hasa ndege zinaporuka, upindaji huo huzaa mikondo ya upepo yenye kasi inayopita kilomita 150 kwa saa, na wakati mwingine zaidi ya 300. Yote inavuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda New York anaipanda kwa kifua. Anayerudi anasukumwa nayo mgongoni.

Aliyeigundua mikondo hii kwa vipimo alikuwa Mjapani, Wasaburo Ooishi, mkuu wa kituo cha hali ya hewa cha Tateno. Miaka ya 1920 alikuwa akirusha maputo madogo na kuyafuatilia kwa darubini, na akaona juu kabisa yanachukuliwa kuelekea mashariki kwa kasi asiyoitarajia. Mwaka 1926 aliyachapisha matokeo yake kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili iwe ya watu wote, akiamini hivyo yatasomwa dunia nzima. Karibu hakuna nje ya Japani aliyeyasoma. Mwaka 1944 marubani wa Marekani wa ndege za B-29, walipoanza kuruka kwenye kimo kikubwa juu ya Japani, walishangaa kukuta upepo ambao hakuna aliyewaambia habari zake. Ripoti ilikuwepo kwa miaka 18. Elimu iliyowekwa mahali ambapo wanaoihitaji hawaifikii ni hasara, na historia ya anga ina mifano mingi ya namna hiyo.

Nguvu ya mikondo hiyo ilionekana waziwazi Februari 2020, dhoruba iliyopewa jina la Ciara ilipokuwa ikielekea Ulaya. Ndege ya British Airways iliyotoka New York ilifika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua saa sita na zaidi. Ikipimwa kutoka chini, kasi yake ilipita kilomita 1,300 kwa saa. Injini hazikufanya kazi ya ziada. Ndege ilikuwa imebebwa.

Turudi kwenye safari yetu tuifanyie hesabu. Chukua kilomita 11,840 na ndege ya kilomita 900 kwa saa. Bila upepo ni saa 13 na dakika 9. Weka upepo wa kilomita 60 kwa saa usoni, kwa wastani wa njia nzima, kasi inashuka hadi 840 na safari inakuwa saa 14 na dakika 6. Geuza upepo uleule uwe mgongoni, kasi inakuwa 960 na safari inakuwa saa 12 na dakika 20. Tazama vizuri: kwenda umepoteza dakika 57, kurudi umepata 49. Upepo haurudishi muda wote uliouchukua, kwa sababu unapokupinga unakaa nao muda mrefu zaidi.

Dakika zilizobaki mpaka kufikia saa 15 na saa 14 na nusu ni za ardhini na za kona. Ratiba haihesabu muda wa kuwa angani peke yake. Inaanza ndege inapoanza kusukumwa kutoka mlangoni na inaisha inaposimama mlango mwingine, na uwanja wa New York una foleni za ndege mchana ambazo rubani hawezi kuzikwepa. Kuna kupanda, kuna kushuka, kuna kuzunguka nchi zilizofungwa. Isitoshe, waandaaji wa safari hawachagui njia fupi kwa kilomita, wanachagua njia fupi kwa saa. Jioni wanasoma utabiri wa upepo na kuuliza mkondo uko wapi usiku huo. Wakiona umejipanga juu ya uzi wetu, wanaweza kuisogeza ndege mamia ya kilomita pembeni ili ikwepe kifua cha upepo, na itawahi kufika ingawa imekwenda mbali zaidi. Mikondo hiyo huwa na nguvu zaidi katika kipupwe cha kaskazini, na mmoja wao hukaa juu ya kaskazini mwa Afrika. Ndiyo maana safari ya Januari kwenda magharibi kwa kawaida huwa ndefu kuliko ya Julai, kwa ndege ileile na rubani yuleyule.

Jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui linahusu Nairobi yenyewe. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Bawa hubebwa na hewa, na injini huvuta hewa ili iwake pamoja na mafuta. Hewa ikipungua, vyote viwili vinadhoofika, na ndege inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Njia ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, na kila mita ina kazi.

Ndege inayofanya safari hii ni Boeing 787-8, ile ya Dreamliner, ambayo uzito wake wa juu kabisa wa kupaa ni takriban tani 228. Mafuta ya saa 15 ni sehemu kubwa ya uzito huo. Kwa hiyo Nairobi kila kilo inahesabiwa, na pale hesabu inapobana, shehena au viti huachwa ili mafuta yapate nafasi. Kuondoka usiku kunasaidia pia, maana hewa ya baridi ni nzito kuliko ya mchana. New York uwanja uko mita chache tu juu ya bahari, na ndege inayorudi haina shida hiyo. Addis Ababa, iliyo mita zaidi ya 2,300, inalionyesha jambo hili kwa ukali zaidi. Kwa miaka mingi ndege ya Ethiopian Airlines inayokwenda Washington imekuwa ikitua njiani kuongeza mafuta, ilhali inayorudi huweza kuja moja kwa moja. Ni miji ileile miwili, lakini mlima ulio chini ya uwanja umeifanya safari ya kwenda kuwa na kituo na ya kurudi isiwe nacho.

Ndani ya ndege, mwinuko huo una upande wake mzuri. Hewa ya ndani ya 787 hushindiliwa hadi kiasi cha mtu aliyesimama mlimani mita 1,800, wakati ndege za zamani zilifika hadi mita 2,400. Mkazi wa Nairobi anasafiri katika hewa inayokaribia ile ya nyumbani kwake. Mgeni wa Tanga au Lamu ndiye atakayeona midomo inakauka na kichwa kinagonga. Anywe maji. Marubani huwa wanne, wakipokezana wawili wawili, na juu ya dari, mahali ambapo abiria hapaoni, kuna vitanda vyembamba wanakolala wakisubiri zamu.

Baada ya Safi ni bahari tupu, na hapa uzi unapita juu ya kisiwa kimoja ambacho kila rubani wa Atlantiki anakijua: Terceira, katika visiwa vya Azores vya Ureno. Ndege ya injini mbili hairuhusiwi kwenda popote itakapo juu ya bahari. Ni lazima wakati wote iwe ndani ya muda maalumu wa kuufikia uwanja wa dharura kwa injini moja, na uwanja wa Lajes, kisiwani Terceira, ni mmoja wa viwanja hivyo. Tarehe 24 Agosti 2001, Airbus A330 ya shirika la Air Transat, iliyokuwa ikitoka Toronto kwenda Lisbon, ilivujisha mafuta usiku katikati ya bahari. Injini moja ilizimika, kisha ya pili. Rubani Robert Piché na mwenzake Dirk de Jager waliiongoza ndege yenye watu 306 kwa kupepea tu, bila injini, kwa karibu dakika 19, wakaishusha Lajes. Matairi yalipasuka, baadhi ya abiria wakaumia wakati wa kutoka, lakini hakufa hata mmoja. Ukisikia kwamba ndege fulani imepangiwa njia inayokwenda upande kidogo kuliko uzi, kumbuka kwamba wakati mwingine zile kilomita za ziada zimewekwa ili kisiwa kama hiki kisiwe mbali.

Kizazi kilichotutangulia kilifika New York kwa namna nyingine. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, na Septemba 1959 wanafunzi 81 waliondoka Nairobi kwa ndege ya kukodi iliyotafutwa kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani, kwenda kusoma katika vyuo vya huko. Mwaka uliofuata alisafiri msichana wa Nyeri, Wangari Maathai, akielekea Kansas. Ndege za wakati ule hazikuwa na tumbo la kubeba mafuta ya mruko mmoja kama huu. Zilikwenda zikitua na kupaa, nchi baada ya nchi. Kwa kilomita, New York ya 1959 haikuwa mbali kuliko ya leo. Lakini wazazi waliokuja kuaga pale Embakasi walijua kwamba huenda wasimwone mtoto tena mpaka amalize masomo, na huo nao ni umbali ambao mruko wa usiku mmoja umeupunguza sana.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam nina neno moja la ramani. Kutoka Dar hadi New York, kwa uzi uliokazwa, ni kama kilomita 12,440. Ukipitia Nairobi ni kama 12,500. Nairobi iko karibu kabisa na mstari wenyewe, na kupitia huko hakukupotezei hata kilomita 70. Ukipitia Dubai, unakwenda karibu kilomita 4,000 kaskazini mashariki, mbali na Marekani, kisha unaanza nyingine 11,000. Jumla ni takriban 15,000. Nauli haifuati kilomita, na mara kwa mara tiketi ya Ghuba huwa nafuu, hivyo simlaumu anayeichukua. Ninachosema ni kwamba jiografia imeipa Afrika Mashariki nafasi nzuri kwenye njia ya Amerika, na ingestahili nauli na ratiba zilizopangwa kwa kuitumia nafasi hiyo, badala ya kuwaachia wengine waliojenga vituo vyao mbali na mstari.

Mwisho, kwa anayesafiri au anayempokea mtu. Kenya na Tanzania hazibadilishi saa mwaka mzima. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, na hapo tofauti na Nairobi huwa saa 7 badala ya 8, au 8 badala ya 7. Ukikata tiketi ya siku zinazokaribia tarehe hizo, soma upya saa za kuondoka na kufika siku moja kabla ya safari, na mwambie anayekuja kukupokea azisome yeye mwenyewe kwenye ratiba ya shirika, asizikadirie kwa kumbukumbu ya safari iliyopita.